Risasi Nyepesi kwa Bega Langu

Bega langu la kulia liliharibikia kazini, kwa kuwainua wazee wa watu kutoka vitandani. Bunduki ya kuwindia ya mume wangu ikinipiga teke ninapofyatua, machozi hunitoka. Ndiyo maana alianza kunitengenezea risasi zangu mwenyewe katika gereji yetu hapa Ingleburn, ughaibuni: vichwa vyepesi vya shaba na baruti kidogo, ili teke lipungue lakini kulungu aanguke papo hapo. Maua hajawahi kuniletea. Risasi hizo zilinitosha.

Hatari yake ni moja. Kwa kuwa kipimo ni kidogo, ganda la risasi laweza kutiwa baruti mara mbili na lisifurike. Risasi ya namna hiyo hulipua bunduki usoni mwa aliyeishika. Kwa hiyo mume wangu akianza kupima, redio huzimwa nami hunyamaza, na kwangu kunyamaza ni mateso.

Ijumaa ile aliingia jirani yetu Mkongomani, mama wa kanisani kwetu, na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao.

"Jambo baba! Muko muzuri? Batoto? Na wazazi kule nyumbani?"

Mtu mzima hasalimiwi kwa kisogo. Mume wangu aliweka kipimo chini, akageuka, akampa mkono, akajibu habari za ukoo mzima. Mgeni alipoondoka akarudi mezani, akaendelea na kazi.

Kesho yake, njia nzima kwenda msituni, hakutulia. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Nikimuuliza kuna nini, anasema, "Nothing, mama." Nami nikaanza kufungua na kufunga la upande wangu. Wasiwasi ndani ya gari huambukiza kuliko mafua.

Kulungu dume alitokea mahali peupe kati ya miti, mkubwa, kanipa ubavu. Nilikuwa nimemngoja tangu bega liharibike. Nikamlenga, nikashusha pumzi. Mkono wa mume wangu ukaufunika wangu.

"Usipige."

"Wewe! Si huyo amesimama!"

"Jana, yule mama alipoingia... sikumbuki kama lile ganda nilikuwa nimeshalitia baruti. I'm not sure. Na sijui ni risasi gani."

Kulungu alitusikia, akaenda zake. Nilimgombeza hadi nyumbani.

"Ulishindwa kumwambia asubiri?"

"Mama yule? Ningeanzia wapi?"

Alikuwa na haki, kwa hiyo nikazidi kukasirika.

Jioni alizifungua risasi zote, moja moja, akimwaga baruti kwenye mizani. Nilimsimamia nikiomba zote ziwe sawa, nipate la kumsimanga mwaka mzima. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu ilimwagika, ikaendelea kumwagika, mizani ikasoma mara mbili ya zile nyingine.

Hatukuangaliana. Nilijikuta nimeshika shavu langu la kulia, lile ninalolilaza kwenye bunduki.