Shangazi Aliyefelishwa kwa Kubisha Hodi

Shangazi yangu alisoma mita za maji miaka thelathini na mmoja, na mji mzima ulikuwa unamkimbia. Simlaumu mtu. Ukimwona mwanamke mwenye daftari la jalada gumu na tochi ndogo shingoni anakata kona kuja kwako, huna sababu ya kufurahi. Mtoto anatumwa mlangoni akaseme mama hayupo, na mama mwenyewe anamsahihisha kutoka jikoni kwa sauti ya kuita teksi: "Mwambie nimesafiri!" Shangazi anaandika daftarini: hawakuwepo. Hakuandika hata siku moja: wamejificha.

Walimbatiza Bi Mita, naye jina akalivaa kama sare.

Alipostaafu tulidhani atalala. Wiki ya pili tu akakutana na wasafiri wawili wamesimama njia panda, wameigeuza ramani juu chini, wanalitafuta tangi la zamani la maji. Akawapeleka. Njiani akawaonyesha mtaa ambao bomba linapita juu ya vichwa vya watu kwa sababu mhandisi na mkandarasi walinuniana, akawapitisha kwa mpiga chapa anayepanga herufi kwa vidole, akawaingiza kwa Fundi Viti wakatazama ukindu unavyosukwa kuwa kikalio. Wasafiri wakaenda wakawaambia wenzao. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi kuna wageni langoni kwetu, na kila Jumamosi shangazi anavaa viatu vyake vya kazi na kutoka nao. Bure. Ukimuuliza anapata nini, anakuuliza wewe ukikaa unapata nini.

Sasa sikilizeni anavyofanya kazi, maana ndipo maneno yote haya yalipotokea. Idara ya maji ilimfundisha mambo mengi akasahau, lakini hili hakulisahau: ukifika mlangoni, unabisha hodi mara tatu, halafu unarudi nyuma hatua tatu mpaka aliye ndani akuone bila wewe kumwona. Unageuza ubavu. Unasubiri. Unasubiri muda wa kumtosha mtu aliyejipaka sabuni ajimwagie maji na kutafuta nguo. Ukiitikiwa, unaingia. Usipoitikiwa, unaondoka na uso wako. Haijalishi mlango uko wazi, nusu wazi, au haupo kabisa, umebaki pazia. Kwa wageni ilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anawapanga ubavu ubavu kama wanapigwa picha ya pasipoti.

Nami nilisomea utalii. Mwaka mmoja na nusu, kisha diploma ikachoka kabla yangu. Katika mwaka huo na nusu nilifundishwa jinsi ya kukunja leso za hotelini kwa umbo la bata. Kuhusu hodi hakuna aliyesema kitu.

Mwaka huu ofisi ya wageni ikapata afisa mpya, mtu wa kalamu tatu mfukoni, tukamwita Bwana Ratiba. Akatoa agizo: wanaojitolea kuwatembeza wageni wote wafanye mtihani wa vitendo, vituo tisa kwa dakika tisini. Atakayefaulu atapewa kitambulisho. Asiye na kitambulisho asionekane na mgeni barabarani. Mnanisikia? Mtihani wa kuruhusiwa kufanya kazi ya bure! Mwanamke anayejua mji huu mpaka chini ya lami aombe ruhusa kwa mtu ambaye juzi tu alikuwa anauliza posta iko wapi.

Nilitaka agome. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimefanya mitihani ya watu wenye masharubu marefu kuliko huyo. Tafuta viatu."

Viatu kwa sababu kila mtahiniwa alitakiwa aje na watu wawili wa kuigiza wageni. Akanichukua mimi na kinyozi wa jirani. Kinyozi alifunga duka, akavaa kofia ya ukingo mpana na miwani ya jua, akaanza kuongea kwa pua.

"Wageni hawaongei hivyo," Bwana Ratiba alimwambia.

"Umewahi kuongea nao?" kinyozi akamuuliza, bado kwa pua.

Bwana Ratiba akabonyeza simu yake, sekunde zikaanza kukimbia, tukaondoka.

Vituo vitano vilikwenda kama maji. Cha sita kilikuwa kwa Fundi Viti. Mlango wa mbele umeachwa nusu wazi, pazia la maua limening'inia, na nyuma ya pazia, kwa mbali uani, maji yanamwagika kidogo kidogo. Shangazi akabisha hodi tatu. Kimya. Akarudi nyuma, akageuza ubavu, nasi watalii wa bandia tukageuza zetu.

"Pita, Mama," Bwana Ratiba akasema. "Mlango uko wazi."

"Sijaitikiwa."

"Yumo ndani, nasikia maji."

"Na mimi nasikia."

Dakika ya nne Bwana Ratiba akaanza kutembea huku na huku. Dakika ya sita akalishika pazia. Shangazi hakupandisha sauti, alisema tu, "Usifunue," kwa namna ambayo hata kinyozi alivua kofia. Bwana Ratiba akaliachia.

"Basi nieleze," akasema. "Kama kuna sababu ya msingi, nitaiandika na dakika nitazitoa. Unajua kinachoendelea humo?"

Nilimtazama shangazi. Alikuwa anajua. Nimelelewa na uso ule, naujua unapojua kitu. Lakini akasema, "Sababu ni kwamba sijaitikiwa."

Fundi Viti alitoka dakika ya kumi na tatu, mikono ya shati imelowa mpaka mabegani, akituomba radhi. Tukaingia, tukaona viti, tukamaliza vituo vyote tisa tukiwa tumechelewa. Jumatatu matokeo yakasomwa ofisini mbele ya watu, tena kwa sauti ya kutangaza mshindi wa bahati nasibu: "Bi Mita. Amefeli. Amepoteza muda mlangoni bila sababu."

Bila sababu! Vijana wawili waliofaulu hawakubisha hodi popote. Mmoja, kwa maelezo ya kinyozi ambaye hajawahi kukosa habari, aliingiza watu mpaka jikoni kwa mpiga chapa, mkewe akiwa anajifunga kanga.

Jioni ile nilileta fomu ya rufaa. Ilikuwa na mistari sita mitupu chini ya maneno "Eleza sababu ya kuchelewa". Nilikaa na kalamu, shangazi anachagua mchele.

"Shangazi, sema tu. Kulikuwa na nini kwa Fundi?"

"Andika: sikuitikiwa."

"Hilo ndilo walilokufelishia!"

"Basi wameshalisikia, halina kosa la tahajia."

"Lakini unajua!"

Akaweka ungo chini. "Miaka thelathini na mmoja nimeingia nyua za watu. Nimeona waliolala njaa, nimeona waliopigana, nimeona mwanamume mzima analia kwenye ngazi. Ningekuwa nasema, unadhani nani angenifungulia mara ya pili?" Akachukua ungo wake. "Hicho si changu, siwezi kukiuza ninunue kitambulisho."

Nilikasirika. Niseme kweli, usiku kucha nilimkasirikia yeye zaidi ya ofisi. Matembezi yale ndiyo yaliyokuwa yanampa pumzi. Jumamosi iliyofuata, wageni walipokuja akawaambia amezuiwa, alivua viatu vya kazi akavipanga ukutani, kisha akakaa kuitazama barabara kama mtu aliyeshushwa kwenye gari katikati ya safari. Na yote hayo kwa sentensi moja aliyokataa kuisema.

Habari zilimfikia Fundi Viti kinyozini, kidevu kikiwa na povu. Wanasema aliinuka nusu amenyolewa. Alikuja kwetu, akabisha hodi, akasubiri, nikamkaribisha, akamwambia shangazi kitu kimoja tu: "Dada, twende ofisini."

Tulikwenda watatu. Bwana Ratiba alikuwa anapanga vitambulisho mezani kama karata. Fundi hakukaa. Vumbi la mbao bado kwenye nyusi, akasema:

"Siku ile nilikuwa namuogesha mama yangu. Alipooza upande mmoja, mwezi wa tatu sasa. Bafu letu lina mlango mwembamba, kiti nilichomtengenezea hakipiti, kwa hiyo namuogeshea uani. Mama yangu alikuwa mwalimu wa nusu ya mji huu. Hataki watu wajue yuko hivyo. Bi Mita anajua kwa sababu yeye ndiye aliyenisaidia kumbeba siku ya kwanza."

Bwana Ratiba akaweka kalamu sawa. Nilidhani ataomba radhi. Mjinga mimi.

"Sasa," akasema, "si angesema tu?"

"Angesema," Fundi akamjibu, "nisingemfungulia tena mlango. Na wewe ungekuwa umejua habari za mama yangu kabla ya ndugu zangu."

(Naandika haya kwa idhini yake na ya mama mwenyewe. Nilikwenda, nikabisha hodi, nikaomba. Mwalimu akaniambia niandike, ila nisikosee herufi kubwa.)

Bwana Ratiba akafikiri, au alifanya uso wa mtu anayefikiri. Kisha akafungua droo akatoa rundo la fomu. Alikuwa tayari kumpa Bi Mita kitambulisho siku hiyo hiyo, akasema, wala hana haja ya kurudia mtihani. Ila amsaidie jambo moja dogo. Kila mkazi wa njia ile asaini fomu ya kuruhusu wageni kuingia nyumbani kwake kwa mwaka mzima, saa yoyote ya ziara, ili hodi zisitumalizie muda tena. Watu hawamwamini Bwana Ratiba bado, lakini Bi Mita wanamwamini. Yeye akipeleka fomu, watasaini.

Akakisukuma kitambulisho mbele ya shangazi. Kilikuwa na picha yake tayari, na kamba ya buluu.

Shangazi alikitazama muda mrefu. Nilimwona anavyokitaka. Mkono wake ulitoka mpaka kwenye kamba, akaigusa, akaurudisha.

"Mtu akikukaribisha leo," akasema, "amekukaribisha leo. Kesho ana msiba, kesho kutwa ana mgonjwa, siku nyingine hana hamu tu ya kukuona. Hiyo ya mwaka mzima sijui inaitwaje, lakini si karibu."

"Mama, ni saini tu."

"Ndiyo. Na unataka niwaendee mimi kwa sababu wataniamini." Akasimama. "Baki na picha, nimetoka vizuri."

Nje, nilipiga kelele mpaka wauza magazeti wakasogea. Nilimwita Bwana Ratiba majina ambayo mhariri hatayapitisha. Fundi Viti alikuwa anafuta macho, anasema ni vumbi. Shangazi alituuliza kama tunajua mahali karibu pa kunywa chai.

Jumamosi ya wiki hiyo wakaja langoni mama na binti yake waliosafiri mbali, Kiswahili chao cha kujifunza vitabuni, kila neno limepigwa pasi. Walikuwa wamemwandikia barua miezi miwili kabla. Shangazi aliwaeleza kwamba haruhusiwi, na ziara ya ofisi inaanza saa nne, waiwahi.

"Shangazi! Unampelekea yule wageni wako kwa mkono wako mwenyewe?"

"Wamekuja kuona mji, hawakuja kusikiliza ugomvi wetu. Kaa kimya, ulete viti."

Kisha akawafundisha. Hodi tatu. Hatua tatu nyuma. Ubavu. Muda wa mtu mwenye sabuni. Binti alicheka, mama akaandika kijitabuni. Walifanya mazoezi kwenye mlango wetu, mimi nikiwa ndani naitikia, mara nyingine sikuitikia kwa makusudi, nao wakaondoka na nyuso zao mpaka barabarani. Saa nne kasorobo wakaenda ofisini.

Yaliyofuata nimesimuliwa na kinyozi, na ukipunguza chumvi yake bado kinabaki chakula. Bwana Ratiba mwenyewe aliongoza, wageni kumi na wawili nyuma yake. Alipofika kwa mpiga chapa akasukuma mlango. Mama na binti wakabaki nje, wakabisha hodi, wakarudi hatua tatu. Wenzao wakauliza kuna nini. Wakaelezwa. Mmoja mmoja, wale walioshaingia wakatoka wakapanga ubavu ukutani, Bwana Ratiba amebaki ndani peke yake na mke wa mpiga chapa, ambaye anamuuliza, "Na wewe nani amekukaribisha?" Ikawa hivyo kila mlango. Vituo vitatu kati ya tisa, na dakika tisini zikaisha.

Mngedhani amejifunza. Jumatatu kulikuwa na tangazo kwenye mlango wa ofisi, limepigwa muhuri: "Wageni wanaombwa wasibishe hodi milangoni mwa wakazi, kwa ajili ya kuokoa muda wa wenzao." Nimelisoma mara nne nikihakikisha macho ni yangu. Muhuri! Serikali ya mji imekaa kikao, imekunywa maji ya chupa, imekataza hodi.

Kitambulisho shangazi hana mpaka leo, na njia yake anaipita peke yake akienda dukani. Hilo silisamehe na sitaki kuambiwa nilisamehe. Lakini Jumamosi iliyopita walikuja langoni wageni saba, waliotumwa na wale kumi na wawili, wanaomba kufundishwa kabla ya saa nne. Hakuna agizo linalomkataza mtu kukaa kwenye kiti langoni kwake. Alikuwa amewapanga wote saba ubavu, naye viatu vya kazi viko mguuni.

"Tena," aliwaambia. "Na safari hii kwa sauti ya mtu aliyekuja kusalimia, si ya mtu aliyekuja kukamata."