Siku Mwalimu Alipolikata Jina la Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti wodi ya wagonjwa wa akili nikiwa na gauni jeupe lililonyooka kwa pasi. Muuguzi Mfawidhi, mama mmoja wa Kibondei mwenye sauti ya chini, alinikuta nimeganda mlangoni. "Ingia ukae, Saumu," akaniambia. "Dawa utazijua baada ya wiki chache. Kumsikiliza mtu bila kumkatiza kutakuchukua miaka." Alisema kweli, maana mie nilikuwa msemaji sana.

Baadaye nilipelekwa kituo cha afya karibu na Horohoro, nikahudumia madereva na wachuuzi wa mpakani kwa miaka mingi, kisha nikarudishwa Tanga mjini. Huko ndiko Afisa Michezo alikokuja kuomba muuguzi wa kukaa na kambi ya vijana wa riadha. Aliposikia kazi yangu ni afya ya akili, alicheka.

"Hawa hawaumwi akili, Bi Saumu. Wanaumwa magoti."

"Magoti nitayafunga bendeji," nikamjibu. "Na mengine nitayaangalia."

Kambi ilikuwa katika shule moja ya bweni, Raskazone. Kocha alikuwa Mwalimu Kombo, aliyewahi kuwa askari, mtu wa filimbi na maneno machache. Nilimwogopa. Lakini sikukaa sana nikagundua kwamba anajua nani hali samaki, nani kafiwa na nani anaota ndoto mbaya. Nikamwomba niwe nazungumza faragha na kila kijana baada ya mazoezi. Kazi hiyo sisi huiita unasihi: humwamrishi mtu wala humhukumu, unamsaidia aseme linalomsumbua na atafute njia yake.

"Sawa," akasema, "ila usinilegezee vijana." Haukupita mwezi, akawa ananiletea vijana mwenyewe.

Zuhura alikuwa msichana wa miaka kumi na saba kutoka Mkwaja, mkimbiaji wa mita mia nane. Mwaka uliotangulia alianguka hatua chache kabla ya mstari wa mwisho. Mtu akampiga video, ikazunguka kwenye simu na vicheko vya watazamaji, hadi kijijini kwao. Msimu mpya ulipoanza alirudi akikimbia kuliko wote, nasi tukadhani yamekwisha. Hapo nilikosea, nakiri. Kila alipokuja kuzungumza nami alinieleza habari za wenzake, zake hata moja. Uji wake wa asubuhi aliwagawia wengine. Niliyaona yote mawili, nikayachukulia ni ukarimu.

Asubuhi ya mashindano ya kanda, wenzake wakipasha misuli moto, nilimkuta nyuma ya vyoo vya uwanja. Alikuwa akihema kama amezamishwa majini. Msichana mmoja wa timu alikuwa amesimama kando. "Bi Saumu, amepandwa na shetani huyu!"

Nilimwomba yule msichana atuache, nikaketi chini na Zuhura, tukatoa pumzi polepole pamoja mpaka kuhema kukatulia. Kisha nikamuuliza swali ambalo watu wengi huliogopa, wakidhani kuuliza ni kumtia mtu wazo.

"Mwanangu, umewahi kufikiria kujidhuru?"

"Sitaki kufa, Bi Saumu. Nataka tu nilale, nisiamke nikaiona tena ile video." Akajifuta machozi. "Na leo siwezi kukimbia. Mwalimu ataniona msaliti."

Nilijitolea kumwambia mimi. Akakataa, akainuka na viatu vyake vya misumari, akakatiza uwanja mbele za watu mpaka kwa Mwalimu Kombo.

"Mwalimu, leo siwezi. Si miguu. Ni mimi mwenyewe."

Afisa Michezo alikuwa hapo hapo na orodha mkononi. "Mwalimu, huyu ndiye medali yetu! Mpe maji, apumzike dakika tano."

Mwalimu Kombo alimtazama Zuhura, akanitazama mimi. Akaichukua ile orodha na kulikata jina kwa kalamu. "Mkimbiaji wa akiba ninaye," akasema. "Zuhura wa akiba sina."

Siku hiyo hiyo nilimwandikia rufaa kwenda kwa daktari, na daktari akasema ana sonona, huzuni nzito inayomtoa mtu hamu ya chakula, usingizi na uhai wenyewe, nayo inatibika. Tulimrudisha Mkwaja mimi na Mwalimu. Baba yake alitupokea kichwa kimeinama.

"Mwalimu, binti yangu amekuaibisheni?"

"Hapana, mzee wangu. Nimefundisha askari, nimefundisha vijana. Ujasiri kama wake sijauona."

Yule mzee aliinua uso. Tukawaeleza wasimwache peke yake majuma yale ya mwanzo, na mama yake akahamishia kitanda chake chumbani kwa binti.

Matibabu yalichukua miezi. Msimu uliofuata Zuhura alikimbia, akamaliza wa nne, akaja kwangu anacheka jasho likimtiririka. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi na anafundisha netiboli. Afisa Michezo naye, msimu ule Zuhura aliporudi, aliandika barua ya kuniomba mimi kambini kabla hajaomba mipira.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana huniuliza nani alinifundisha kazi, wakitarajia nitaje chuo. Huwatajia msichana aliyekatiza uwanja, na kocha aliyemwamini bila kumuuliza mara mbili.

Mwezi uliopita, asubuhi, Mwalimu Kombo alibisha hodi kwangu. Naye kastaafu. Nilichungulia nyuma yake kuona amemleta nani.

"Leo sikuleta mtu, Bi Saumu," akasema, akivua kofia. "Tangu niache uwanja sipati usingizi, na sina hamu ya lolote. Nimekuja mwenyewe."

Tulizungumza hadi adhuhuri. Kesho yake tukaongozana kwenda kliniki, yeye akitembea mbele.