Boneti ya Kukaangia Busaa

Wengine hurudishwa utotoni na harufu ya maandazi. Mimi hurudishwa na faibaglasi mbichi, ile harufu kali inayopanda hadi machoni. Juzi nilipita nyuma ya msikiti pale Bungoma, nikainusa, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Kaa kidogo nikusimulie, kama huna haraka.

Tulikuwa tunakaa Tuwan, Kitale. Baba aliendesha lori la mahindi, lakini watu walimjua kwa gari lake dogo la mbio, la milango miwili, rangi ya papai lililoiva, alilolinunua kwa mkulima mmoja aliyekuwa akihama. Asubuhi za Julai Kitale ina baridi ya kuuma masikio. Baba akirudi na gari hilo kutoka kwa mizunguko yake, tulikimbia bila viatu tukalala kifudifudi juu ya boneti tuotee joto. Mama aliweka hapo viazi vitamu, vimefungwa kwa jani la ndizi, visipoe kabla chai haijaiva. Nyanya alitucheka akisema, "Chuma hakinyonyeshi, nyinyi." Injini ikipoa ililia tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati. Jumamosi dada zangu waliosha milango. Boneti ilikuwa yangu peke yangu, na niliijua kila bonde kama ninavyolijua goti langu.

Baba alikufa nikiwa darasa la sita. Tulimzika nyumbani, Bumula, na rafiki yake akaliendesha gari hadi huko limsindikize. Kwetu, siku ya tatu, watu wakishanyolewa, wazee huketi na kugawa vitu vya marehemu. Koti likaenda kwa huyu, kiti kwa yule. Kaka yake baba, ambaye kwangu ni baba mkubwa, akasema gari ni lake. Mama hakubishana. Aliingia garini, akafunga milango, akatia ufunguo kifuani, akakaa humo tangu asubuhi mpaka jua likaanza kuinama. Wazee wakachoka. Ndipo baba mkubwa akaomba spana.

"Sawa, gari ni ya mjane," alisema, akifungua bolti za boneti moja moja huku akimwangalia mama usoni kupitia kioo. "Lakini kichwa ni ya ukoo."

Tulirudi Kitale gari likivutwa, injini wazi kama kidonda. Turubai halikusaidia. Mvua ya msimu mzima iliingia, injini ikashika kutu, ikafa. Na boneti? Baba mkubwa aliigeuza juu chini, akaiweka juu ya mafiga, ikawa ya kukaangia unga wa busaa, pombe yetu ya nafaka. Unga uliochachuka lazima ukaangwe kwenye bati pana kabla haujatiwa maji na kimea, na boneti ya baba ilitosha kabisa. Kila Agosti ya tohara watu walikunywa wakichekeshana, "Bana, hii busaa iko na gia nne." Kimilili, nilikopelekwa kukaa kwa shangazi na kusoma, watoto waliniuliza kama baba yangu ni mtamu. Nikapigana hadi mwalimu akachoka nami, na mimi nikachoka na shule. Darasa la saba niliondoka. Nikazunguka karakana za Webuye, Malaba, Eldoret, nikijifunza chochote mtu alichoniruhusu kugusa. Sikukaa popote zaidi ya mwaka. Lakini kila nilipokwenda nilibeba jambo moja: siku moja gari lile litaingia Bumula kwa nguvu zake lenyewe, na yule mzee ataliona.

Mwishowe nilipata injini ya silinda sita, iliyotoka kwenye gari lililogongwa nyuma, nikaitumbukiza mahali pa ile ya silinda nne iliyokufa. Ilikaa, ila ilichomoza. Boneti ya zamani isingefunga hata kama ningerudishiwa. Ndipo nikalivuta gari hadi kwa fundi wa boneti za faibaglasi nyuma ya msikiti, mzee mpole mwenye kofia iliyojaa vumbi jeupe.

Alifinyanga madonge ya udongo, akayapanga juu ya injini kupima nafasi, akashusha boneti ya kwanza polepole, akainua. Udongo ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la yai.

"Hii itagonga," akasema. "Injini huruka ukikanyaga mafuta."

Ya pili ilikuwa na tundu, injini itokeze nje. Nzuri kwa picha, lakini barabara ya Bumula ingeilisha vumbi tupu. Ya tatu ilikuwa na nundu ya chini, na udongo ukabaki unene wa kidole.

"Chukua hii. Hata mke wako hatajua umebadilisha kitu."

"Na ile ya ukutani?"

"Ile ni ya mashindano, kijana. Nundu inapanda mpaka machoni. Hutaona barabara vizuri."

"Lakini mimi nitaonekana?"

"Hata wa Uganda watakuona."

"Nifungie hiyo."

Akafuta mikono, akanitazama. "Nani amekukosea, mwanangu?"

Nilinunua rangi ya papai.

Agosti iliyofuata nilifika kwa baba mkubwa siku ya kukaanga unga. Wanawake walikuwa wameizunguka boneti ya baba, moshi machoni, wakigeuza unga kwa sepetu. Wazee walishaketi kwenye chungu cha kwanza na mirija yao mirefu. Nilinguruma langoni. Mrija mmoja ukatoka mdomoni, kisha mwingine, na punde wazee wote walikuwa kwangu, wakipapasa nundu, wakiuliza ati inakunywa mafuta kiasi gani. Baba mkubwa akabaki peke yake na chungu kizima.

Alikuja mwishowe, kwa fimbo. "Wewe, si ungesema tu? Chukua boneti ya baba yako."

"Kaa nayo, baba mkubwa. Haitoshi tena."

Watu wakacheka. Nilikuwa nimekingoja kicheko hicho miaka ishirini, na nakuambia kilikuwa kitamu.

"Basi nizungushe hadi sokoni tu, watu wanione."

"Gari ni ya mjane. Si ulisema mwenyewe?"

Akashika ukingo wa dirisha. Sauti ikashuka. "Kijana, siku baba yako alinunua hii gari, aliniita kando akaniambia..."

Nikakanyaga mafuta. Silinda sita zikameza maneno yake. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona amesimama ndani ya vumbi, midomo ikiendelea kusogea.

Amekufa mwaka huu, mvua ndefu zikianza. Sikwenda kumzika, na simsamehe. Nyanya alishatangulia. Wenzake baba wa malori wametawanyika, mama anasema yeye hakuwepo siku gari liliponunuliwa, na pale tulipokaa Tuwan pamejaa nyumba za kupanga, hakuna mtoto anayelalia boneti ya mtu. Nikipandisha peke yangu kuelekea Kitale najikuta nikijaribu kusoma ile midomo, neno hili, neno lile. Aliyejua alikuwa amebaki yeye tu, na mimi nilikuwa nimekwenda kumnyamazisha.