Anwani ya Chumba cha Mama

Mabati yalilia kabla sijafumbua macho. Yalilia polepole, hatua kwa hatua, kana kwamba mtu mzito alikuwa akitembea juu ya usingizi wangu, na kwa kitambo nilidhani ni mvua inayojifunza kunyesha. Kisha bisibisi ikaanguka, ikaserereka hadi ukingoni, na sauti ya dada yangu ikapanda kutoka uani kumwonya aliye juu kwamba akitoboa paa lile atalala chini ya tundu lake mwenyewe mpaka masika yaishe. Aliye juu akacheka. Alikuwa binamu yetu, mtoto wa mjomba, amekuja kugeuza antena.

Binamu ndiye aliyeipelekea intaneti nusu ya Garsen. Antena yake kubwa ilikaa juu ya tangi la maji karibu na barabara ya Lamu, na kutoka hapo mawimbi yalikwenda kwenye maduka, kwenye duka la dawa, kwenye nyumba za mabati kama yetu, hata kwa wanawake wa Kiorma waliouza maziwa kivulini, simu zao magotini, huku ng'ombe wakipita nyuma yao bila haraka. Asubuhi hiyo alikuwa juu ya paa letu kwa sababu ya mama.

Dada alikuwa amepata kazi ya kufundisha watoto viziwi katika shule moja ya magharibi, upande wa ziwa, mbali kiasi kwamba ukitoka kwetu alfajiri unalala njiani. Aliitamani kazi hiyo tangu akiwa chuoni, alipokuwa akirudi likizo na kutuonyesha jinsi mikono inavyosema mvua, mkate, mamba. Muhula ulikuwa karibu kufunguliwa na shule ilitaka jibu. Kama mama angeweza kuachwa, dada angekwenda. Kama hawezi, angebaki, na kazi ingekwenda kwa mwingine.

Mama hakuwa mgonjwa wa kitandani. Alikula, alicheka, alisuka ukili wake akiwa ameegemea ukuta. Ila jua lilipoanza kuinama, fikra zake zilivuka mto. Aliinuka, akajifunga kanga kiunoni, akatwaa jembe na kushika njia ya shambani. Shamba lenyewe halikuwepo. Mto Tana ulilihama kabla sijazaliwa. Ulivunja kingo wakati wa mafuriko, ukajichimbia mkondo mwingine, ukaliacha shamba la mama kando ya dimbwi refu la maji yaliyolala, makao ya viboko, lililozingirwa na miiba ya mathenge. Kufika huko ilibidi avuke barabara kuu ya malori kwanza. Nilipomwambia kwamba hakuna shamba, alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akanipita.

Sauti moja tu ilimrudisha, nayo ilikuwa ya dada, kwa maneno yaleyale kila siku.

"Mama, mto umejaa. Tutavuka kesho."

Hapo mama aliliegemeza jembe ukutani, akaketi, akasema, "Haya." Niliyajaribu maneno ya dada mimi, nikayavuta kama dada anavyoyavuta, lakini midomoni mwangu yalikuwa maneno tu.

Mimi ndiye ningebaki naye, na dada hakuniamini. "Wewe mwandishi," alikuwa akisema, "ukishaanza kuandika, kiboko anaweza kuingia humu, akanywa chai, akaondoka na kikombe."

Basi alinunua Malindi kamera ndogo nyeupe, iliyotumika, yenye jicho moja na spika, akaitundika ukutani chumbani kwa mama, juu ya mkeka wake. Aliwaza kwamba kila alasiri, baada ya masomo, angemtazama mama kutoka magharibi na kumwambia kuhusu mto. Tatizo ni kwamba kampuni iliyoitengeneza kamera hiyo ilikuwa imefunga huduma yake ya kupitishia picha. Aliyetaka kuiona sasa alipaswa kuiita moja kwa moja, kwa anwani yake. Na kamera ya mama haikuwa na anwani yake.

Binamu alitueleza sababu akiwa ameketi kizingitini, uso umeinama. Zamani, familia nyingi za hapa zilipokea barua kupitia sanduku la posta la shule ya msingi. Nambari ilikuwa moja kwa wote, na mwalimu mkuu alisoma majina asubuhi watoto wakiwa mstarini. Kupeleka barua hakukuwa na shida. Lakini aliyekuandikia kwa nambari hiyo bila kutaja jina, barua yake ilikaa dirishani mwa ofisi mpaka jua likaifuta. Intaneti yetu ilikuwa hivyo hivyo. Anwani za aina ya zamani ziliwaishia wanaozigawa duniani, na binamu, aliyechelewa kuingia kwenye kazi hii, hakupata hata moja. Sote aliotuunganisha Garsen, pamoja na watu wa miji mingine tusiowajua, tulijificha nyuma ya nambari moja iliyokaa Mombasa. Ukitoka kutafuta muziki au habari, mitambo ilikumbuka ni nani aliyeuliza, ikamrudishia jibu. Ila anayebisha kutoka nje bila kuitwa alifika kwenye nambari ile, akakosa wa kumwelekeza chumbani kwa mama.

Alikuwa ameomba anwani moja tu, ya zamani, kwa ajili ya shangazi yake. Wagawaji wakamwambia kuna foleni, na foleni haisogei. Kama anataka, achukue itifaki mpya, utaratibu mpya wa mitambo kuitana, toleo la sita, ambayo anwani zake hazitaisha. Binamu alikaa siku kadhaa akisoma usiku na kuuliza mchana. Ndipo akapanda paa.

Aliposhuka, mikono imejaa kutu, alisema nyumba yetu imepata anwani yake yenyewe. Nilitazama kwenye kioo cha simu yake. Haikuwa kama zile nambari fupi za zamani. Ilikuwa ndefu, herufi na tarakimu zikifuatana, na katikati yake nukta mbili zilizosimama wima, zikifuatwa na nyingine mbili, bila kitu kati yao. Nikauliza nini kimepotea pale. Binamu akasema hakuna kilichopotea, ni sifuri nyingi tu zilizonyamaziwa. Nilibeba jibu hilo siku nzima. Nilipokwenda kuchota maji nililisikia, nilipomlaza mama nililisikia: sifuri nyingi zilizonyamaziwa, kama nyasi za nyikani unapozitazama mpaka macho yanaacha kuhesabu.

Binamu alimwambia dada ajaribu kutoka hapo langoni, kwa laini ya simu yake, ambayo tayari ilikuwa ikizungumza itifaki mpya. Dada akakataa. Alitaka kuwa mbali kweli, mahali ambapo mama akiinuka hawezi kukimbia akamfikia. Akaenda Kipini kwa khalati yetu, dada ya mama, kule mto unapoingia baharini.

Alasiri hiyo nilikaa na mama. Jua likainama, mama akaweka ukili chini. Nililitazama lile jicho jeupe na kusubiri. Mama akajifunga kanga. Jicho halikusema kitu. Akatwaa jembe, akatoka, nami nikamfuata hadi karibu na barabara, ambako malori yalipita na kutuvika vumbi, nikasimama mbele yake nimefungua mikono kama anayezuia ng'ombe. Alilia. Sijui kama alimlilia dada au shamba. Tulirudi gizani.

Dada aliporudi kesho yake hakutulaumu. Alisema tu kwamba aliita na kuita, na kote kulikuwa kimya. Kisha akalifungua begi alilokwisha kulipanga, akaanza kutoa nguo, moja moja, akizikunja upya ingawa zilikuwa zimekunjwa. Angewajibu wale wa shule mwisho wa juma, alisema, wasimsubiri bure.

Binamu alikuwa mlangoni. Hakuingia wala hakuondoka. Hatimaye alikuja kuketi, akaweka simu mezani, sauti ikiwa wazi kwa wote, akampigia fundi wa Mombasa aliyemkabidhi anwani mpya. Fundi alimwuliza hili na lile, kisha akauliza kila nyumba ameipa anwani ngapi.

"Moja," akasema binamu.

"Moja?"

"Moja moja. Zisije zikaniishia."

Kikasikika kicheko cha chinichini. Fundi akamweleza kwamba anwani ile moja ilichukuliwa na ruta yetu, kile kisanduku kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, na kwa kuwa itifaki mpya haimfichi mtu nyuma ya mwingine, kamera iliyo ndani ilibaki mikono mitupu. Nyumba hupewa fungu zima. Na fungu la nyumba moja, la chumba kimoja ukitaka, lina anwani nyingi kuliko zote za zamani za dunia nzima zikikusanywa.

"Ndugu yangu," akamaliza, "umepewa mto, na wewe unawapimia watu kwa kijiko."

Binamu aliizima simu, akaitazama mikono yake.

Sisi watu wa mtoni tungekosea wapi kwingine? Babu yetu wa kale aliwagawia watoto wake ardhi ya ukingoni kwa vipande vyembamba, kila kimoja kikishuka mpaka majini, kwa sababu kipande kisichogusa maji si shamba. Watoto wakawagawia watoto. Kila kizazi vipande vikazidi kuwa vyembamba, hadi kile cha mama, wanasema, watu wawili wenye mizigo kichwani hawakuweza kupishana bila mmoja kukanyaga mpunga wa jirani. Kisha mto ukahama. Binamu hakuwahi kulima hata tuta moja, lakini mkono wake ulijua kupima.

"Nimegawa kama babu," akasema.

Mama, aliyekuwa akisuka pale chini bila kutusikiliza, aliinua uso aliposikia babu akitajwa. "Kila kipande kiguse maji," akasema, akarudi kwenye ukili wake.

Usiku huo huo binamu aliigawa Garsen upya, nyumba kwa nyumba, akicheka peke yake kwa ukarimu wake. Sidhani kama aliamini. Mara mbili nilimwona akirudi kuhakiki kilichobaki, kama mtu anayechungulia mtungi. Itifaki ya zamani hakuizima. Alisema zote mbili zitakwenda sambamba kwa muda, maana kuna mengi duniani ambayo bado yanakaa kule kwa zamani. Nikakumbuka alivyosimulia mama, kwamba mto nao ulipohama, kwa msimu mmoja maji yalipita njia zote mbili, na watoto walivuka mto kwenda kuoga kwenye mto.

Sasa kamera ilikuwa na anwani yake. Dada aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliwaza: je, mtu yeyote aliye popote anaweza sasa kumtazama mama? Binamu akakiri kwamba ni hivyo, mlango ukiachwa wazi. Akaufunga kwenye ruta, akamwachia dada upenyo mmoja, na kamera akaipa neno la siri ambalo dada alilichagua na kunikataza kulijua. "Utaliandika kitabuni," alisema.

Akaenda tena Kipini.

Alasiri hiyo ilikuwa ya rangi ya asali. Joto lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, hata nzi waliruka kwa uzito. Mama akaweka ukili chini, akajifunga kanga, akashika jembe. Tayari nilikuwa nimesimama mlangoni. Ndipo ukutani kukasikika mkwaruzo mdogo, kama ukucha juu ya kibuyu, na nyuma ya mkwaruzo upepo, upepo wa kweli wa Kipini, na ndani ya upepo sauti.

"Mama, mto umejaa. Tutavuka kesho."

Mama aligeuka. Hakushangaa kuisikia sauti bila mwenyewe. Aliinamisha kichwa, akausikiliza ule upepo kwa muda, pengine akauchukua kuwa ndio mto.

"Umejaa sana?" akauliza.

"Sana. Hata mitumbwi wameitoa majini."

"Haya," akasema mama, na jembe likarudi ukutani.

Kwa siku zilizobaki dada alizungumza na mama kwa njia hiyo hata akiwa jikoni, ili amzoeshe. Jioni alikaa nami uani akinifundisha kwa mikono neno la kuvuka, ambalo nilikuwa nimelisahau. Alinicheka kwa vidole vyangu vizito.

Siku ya kuondoka begi lilikuwa limesimama tangu alfajiri. Basi la kutoka Lamu lilikuwa karibu kufika, na binamu alisubiri nje na pikipiki. Dada alipiga magoti mbele ya mama, akambusu mkono. Mama akamwuliza anakwenda wapi mapema vile.

"Kuangalia maji."

"Ukiona yamepungua, utuambie."

"Nitawaambia, mama."

Alinikumbatia. Mlango wetu ulivimba tangu mafuriko yaliyopita na haufungiki mpaka uunyanyue kidogo kwa bega. Mimi huwa naubamiza. Dada alitoka, akauvuta, nikausikia ukinyanyuka, ukatua mahali pake taratibu, ukafungwa. Mama hakuutazama mlango. Alikuwa akiutazama ukuta, pale sauti inapotokea.