Okidi ya Mwenye Nyumba

Juzi mwanangu aliweka chane ya ndizi mbivu dirishani, kando ya mmea wangu wa okidi. Niliinyakua ile chane kwa kasi hadi akanishangaa. Nikajichekesha, na utu uzima wote huu nilionao. Ngoja nikueleze, nawe usinicheke.

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi na bibi yangu katika chumba kimoja cha kupanga Kariakoo, upande wa Msimbazi. Bibi aliuza ndizi sokoni. Alizinunua mbichi, akazivundika chumbani kwetu chini ya magunia mpaka ziive, na harufu yake tamu tulikwenda nayo kila mahali, hata shuleni. Chumba cha mbele alikaa mwenye nyumba, mama mjane aliyekuwa na okidi moja nyeupe katika chungu cha vipande vya mkaa na makumbi ya nazi. Sisi watoto tuliruhusiwa kuitazama, si kuigusa.

Siku moja akaitwa hospitali kupasuliwa jicho. Okidi akanikabidhi mimi, eti ndiye mtulivu. Niimwagilie Ijumaa tu, niyafute majani vumbi, na mizizi ikichungulia nje nisiifukie, maana inataka hewa. Kisha akanishika kidevu.

"Nikirudi niikute na maua yake, mwanangu."

Sauti yake haikuwa ile ya kila siku, ilikuwa kama ya mtu asiye na hakika ya kurudi, nami nikaogopa pale pale.

Nikaiweka chumbani kwetu, kando ya magunia ya ndizi, ambako hakuna mtoto ambaye angeifikia. Kesho yake ua moja lilikuwa sakafuni. Keshokutwa, matatu. Kwamba ndizi zinazoiva hutoa hewa inayoangusha maua ya okidi, nimelijua ukubwani. Wakati ule nilichojua ni kimoja: kila ua likianguka, mwenye nyumba anazidi kufa huko alikolazwa. Chakula kikawa hakipiti. Bibi akiniuliza nina nini, nasema tumbo. Mtu akipiga hodi najificha nyuma ya mlango, nikidhani ameleta habari za msiba.

Siku ya nne nikaomba sindano na uzi kwa fundi cherehani wa barazani, nikayashona maua yote yaliyoanguka kwenye kikonyo, moja moja, huku nalia.

Alirudi siku ya sita, jicho moja limefungwa bendeji. Akaja moja kwa moja chumbani kwetu. Aliinama mpaka pua ikakaribia kuyagusa yale maua, sasa yamenyauka na kuwa ya kahawia, akaupapasa uzi.

"Uliogopa nitawafukuza?"

"Niliogopa utakufa, mama."

Akakaa kwenye kitanda cha bibi.

"Hata mimi," akasema.

Tangu siku hiyo tuliimwagilia pamoja kila Ijumaa, na baada ya miezi mingi ikachanua tena.

Nyumba ile sasa ni ghorofa la maduka. Bibi hayupo, na fundi cherehani sijui alihamia wapi. Mwenye nyumba alifariki nikiwa sekondari, okidi yake imejaa maua, hakuna hata moja lililoanguka. Niliitazama asubuhi ya siku aliyofariki, nikaenda shule bila wasiwasi wowote.