Kitabu cha Santuri cha Mama Mdogo

Kabla wimbo haujaanza, santuri za zamani zilikuwa na mkwaruzo wake, kama mtu anakaanga bisi jikoni kwa jirani. Nikiusikia mkwaruzo huo, hata leo na mvi zangu hizi, narudi nyumbani kwetu Uyole, ukungu umelalia mashamba ya viazi, na mwili unanisisimka kwa hofu. Ndiyo, hofu. Ngojeni niwaeleze.

Mama yangu alifariki nikiwa bado sijang'oa meno ya utoto. Baba alikuwa dereva wa lori, akipeleka viazi Iringa na kurudi na chumvi na nguo. Safari moja alirudi na mke. Mama mdogo Otilia alishuka na vumbi mpaka kwenye kope, akamwambia bibi, mama yake baba, "Kamwene," salamu ya kwao Uheheni, halafu kwa haya akaongeza, "Shikamoo, mama." Mizigo yake ilikuwa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na kitu bapa kilichoviringishwa kwenye khanga. Kumbe kilikuwa kitabu chenye jalada gumu, ila badala ya kurasa kilikuwa na mifuko ya karatasi, na katika kila mfuko santuri nyeusi. Siku hizi mngekiita albamu.

"Wenzake huja na vyungu, yeye kaja na sanduku linaloongea," bibi alininong'oneza. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa huyu, sijui kama tutapona."

Kila Jumapili baada ya ibada, mama mdogo alikaa mkekani akaanza na santuri ya kwanza. Zilikuwa nyimbo za wanawake wa Kihehe, za kulima, za kutwanga, za harusi. Hakuruka hata moja, wala hakurudia. Majirani waliupenda ule wa harusi, wakamsihi aupige tena. Alitabasamu tu, akageuza upande wa pili. Siku moja maharage yaliungua mpaka moshi ukajaa chumbani, naye hakunyanyuka. Na zilipokaribia santuri za mwisho, aliwaaga watu kwa adabu, akatutoa hata sisi wa nyumbani, akafunga mlango.

Basi jirani mmoja, akipita nyuma ya nyumba na mtungi wake, akasikia mtoto mchanga analia ndani. Nyumba yetu haikuwa na mtoto mchanga.

Jumapili iliyofuata bibi alinituma nichungulie kwenye ufa wa mlango. Nilimwona mama mdogo ameinama kama mtu aliyebeba mtoto, anajipigapiga mgongoni taratibu. Mgongo ulikuwa mtupu. Kilio kilikuwa kinatoka kwenye gramafoni. Nilikimbia kwenda kumwambia bibi.

Tangu siku hiyo bibi hakugusa chakula cha mama mdogo, na mimi akanilaza upande wa ukutani, yeye akalala mbele yangu. Kisimani walisema kuna watu wanaofungia watoto wa wenzao ndani ya vyombo. Baba alipoulizwa alisema, "Mwacheni na nyimbo zake," na bibi akaona mwanawe naye keshalogwa. Akaapa: lori likienda tena Iringa, mwanamke huyo atapanda pamoja na viazi.

Lakini kabla ya safari hiyo ikafika Jumapili. Kilio kilipoanza, bibi alisukuma mlango, nami nimeng'ang'ania nguo yake. Akaunyanyua mkono wa gramafoni wenye sindano. Kimya.

"Huyu mtoto wa nani?"

Mama mdogo, ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, alipiga ukelele: "Rudisha, mama! Usimwache analia!"

"Nani?"

"Avelina. Mwanangu."

Akaeleza huku machozi yanamtoka. Zamani walikuja kijijini kwao watu wenye mashine ya kunasa sauti. Wanawake waliimba kutwa, yeye akiwa miongoni mwao na Avelina mgongoni. Kuelekea mwisho mtoto akachoka, akalia, mama akaimba huku anambembeleza mpaka akalala. Santuri zilipotoka zilifuata mpango uleule wa siku ile, na mumewe wa kwanza akazinunua. Baadaye homa ikamchukua mtoto, kisha ikamchukua na baba yake.

"Nikianzia mwanzo, naamka naye asubuhi ile," alisema. "Nikikatiza katikati, namwacha na kilio chake."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mama? Nimezika mume, nimezika mtoto. Mngesema nawaletea mkosi."

Bibi aliinamisha kichwa, maana ndivyo ambavyo angesema. Mkono wake ulikuwa bado umeshika ule wa gramafoni.

"Rudisha wewe," alisema. "Mimi nitamwumiza."

Tukakaa mkekani wote watatu. Kilio kikaendelea, kikapungua, kikawa kwikwi, kisha zikabaki sauti za wanawake peke yake mpaka mwisho.

"Amelala," bibi akasema.

Jioni hiyo alikula ugali wa mama mdogo, tena akaongeza. Hakuomba radhi kwa maneno. Ila Jumapili zilizofuata, mgeni akianza soga wakati santuri zinaelekea ukingoni, bibi ndiye aliyemkemea: "Punguza sauti, utamwamsha mtoto!" Nilikuwa nikicheka chinichini, nikidhani uzee umeanza kumchanganya.

Tulipokwisha kumzika bibi ndipo baba aliponionyesha, nyuma ya shamba la viazi, mahali palipolala kaka zake watatu, watoto wa kwanza wa bibi, waliokufa wachanga kabla baba hajazaliwa. Hao hawakuacha sauti popote.