Pembe za sinema zilizomtia hofu fundi wa Kaloleni

Saa moja asubuhi, mtaani Kaloleni mjini Voi, Immaculate Wakio anashona sketi ya shule ambayo hakuna aliyeiagiza. Mguu unakanyaga cherehani, macho yako barabarani. Gari likipunguza mwendo karibu na kibanda chake, mguu unasimama. Likipita, unaanza tena.

"Mikono ikikaa bure nawaza sana," anasema bila kuinua uso. "Afadhali nishone, hata kama sina wa kumuuzia."

Leo ni Jumatatu. Kila Jumatatu kwa wiki tano sasa, fundi huyu mwenye umri wa miaka 44 hupiga ripoti katika afisi ya maafisa wa wanyamapori. Anashukiwa kupatikana na pembe za ndovu. Yeye anasema ni pembe za sinema alizounda kwa mikono yake miwili, kwa mifupa ya ng'ombe, paipu za maji na gundi ya mbao.

Kilichomponza ni ufundi wake. Pembe zenyewe zilifanana na za kweli kupita kiasi.

Kwa miaka kumi na tisa, Wakio, mzaliwa wa Werugha, ameshona kaptura na sketi za shule na kanzu za kwaya. Wateja humwita Mama Lois, kwa jina la bintiye wa pekee anayesomea ualimu Mombasa. Maleba ya filamu hakuwahi kuyagusa hadi mapema mwaka huu, Lewis Kitheka alipoingia kibandani na kitabu cha michoro kwapani.

Kitheka ni kijana wa papa hapa Voi aliyekwenda kusomea utengenezaji wa filamu Nairobi. Alitaka kutengeneza filamu ya shujaa wa kike mwenye nguvu za ajabu, msichana aliyelelewa na kundi la ndovu, ambaye akikua anapambana na majangili. Mchoro wake ulionyesha suti ya rangi ya dhahabu, ya kubana, mabega yametuna kwa sponji, na kila kitu kinang'aa.

"Nikamuuliza, huyu dada ametoka msituni ama ametoka harusini?" Wakio anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Kichaka cha Tsavo ni miiba na vumbi jekundu. Akitembea hatua kumi hiyo dhahabu imeisha."

Kitheka hakukubali upesi. "Mimi nilitaka mtoto akiona poster tu aseme, wah!" anaeleza. "Shujaa asipong'aa, si ni mtu wa kawaida tu? Lakini Mama Lois alikuwa na point. Tulibishana wiki nzima, mwishowe nikamwambia sawa, nionyeshe."

Walipatana Sh40,000, nusu ikatangulia. Kwa mtu anayelipwa Sh350 kwa sketi moja, hiyo ilikuwa karo ya Lois.

Ngozi ya shujaa ilitokana na magunia ya katani. Wakio aliyapaka mchanganyiko wa gundi, majivu na majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, akayaanika juu ya mabati hadi yakakunjamana. Hakuridhika. Mara mbili alikwenda hadi kando ya ua wa mbuga na kusimama huko asubuhi nzima, akiwatazama ndovu jinsi ngozi inavyojikunja magotini.

"Na mimi ndovu siwapendi, usije ukaandika uongo," anamtahadharisha mwandishi. "Shangazi yangu kule Mwatate walimlia mahindi misimu miwili, akabaki na mabua. Lakini kazi ni kazi. Ukiambiwa ushone ndovu, shona ndovu."

Sharon Nthenya, mwigizaji aliyepewa nafasi ya shujaa huyo, anasema alipoyavaa maleba hayo mara ya kwanza alijitazama kiooni. "Nilijisikia mzito, kama mtu ameishi miaka mia. Nikaanza kutembea pole pole, na hakuna mtu alikuwa ameniambia nitembee hivyo."

Zilibaki pembe mbili, za kukaa mabegani na kuchomoza mbele kama ngao. Za kwanza Wakio aliziunda kwa magazeti na uji wa unga. Kwa mbali zilipendeza. Kamera iliposogea, Kitheka alicheka hadi akakaa chini. Alisema shujaa wake amebeba ndizi.

Mzaha ule ulimwingia fundi mahali pabaya. "Hapo ndipo kiburi kilinipanda," anakiri. "Nikasema huyu kijana atanyamaza."

Alimtafuta Ndulu, mwanamume aliyekuwa akiwauzia mifupa wachongaji wa vijiko na vifungo, akanunua gunia zima. Alikata, akaunganisha vipande juu ya paipu iliyokunjwa kwa moto, akazipiga pembe msasa, akazipaka chai ya rangi ili zipate umanjano wa uzee. Siku kumi na moja. Kitheka alipoziona hakucheka. Alizigusa kwa kidole kimoja, kisha akauliza kama ni halali.

Wiki tano zilizopita, Wakio alizifunga pamoja na maleba mengine ndani ya gunia, akapanda bodaboda kuelekea milimani, ambako kikosi cha filamu kilikuwa kikimsubiri kupiga picha. Kwenye kizuizi cha barabarani, maafisa waliona ncha moja iliyotoboa gunia.

"Niliwaambia, jamani, ni za sinema. Nikacheka kidogo. Hakuna aliyecheka."

Taita Taveta ni nchi ya ndovu, na kila mtu mzima hapa anajua kwamba kupatikana na pembe zao ni kosa la kumtia mtu ndani miaka mingi. Wakio alilala seli siku mbili kabla ya kuachiliwa kwa dhamana ya polisi. Maleba yote yalibaki mikononi mwa maafisa, na sampuli zikapelekwa maabara Nairobi.

Aliporudi Kaloleni, wazazi watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao vya sare kabla hajavikata. Hawakumtukana. Mmoja hata alimletea kabichi. Lakini walichukua vitambaa.

Hofu, anasema, imemfanya mtu asiyemfahamu. Mlango ukigongwa anajibanza nyuma ya pazia kwanza. Jumapili anakaa kiti cha mwisho kanisani, karibu na mlango, na akisikia simu ya mtu ikiita anageuka kuutazama mlango.

Kitheka naye hakuweza kusubiri. Aliagiza suti ya dhahabu kutoka Mombasa na kuendelea na baadhi ya maonyesho. Nthenya haipendi. "Iko smart, siwezi kataa," anasema. "Lakini nang'aa kama karatasi ya peremende. Nikimwambia jangili asimame, hata mimi siamini atasimama."

Saa mbili unusu, Wakio anafunga kibanda na kuanza safari ya miguu kuelekea afisini. Mwandishi anaandamana naye. Hatua mia mbili hivi kabla ya lango, anasimama ghafla na kushika ukuta wa duka la mbegu.

Kuna jambo hajamwambia mtu, anasema. Si Kitheka, si Lois, si mchungaji.

Katika gunia la Ndulu mlikuwa na kipande kimoja kisichofanana na vingine. Kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake. Mfupa wa ng'ombe una tundu la uboho katikati, hicho hakikuwa na tundu. Msumeno ulipita ndani yake taratibu, na sehemu iliyokatwa ikatoka laini, yenye vistari vilivyopishana.

"Nilimuuliza Ndulu kwa simu. Akaniambia, 'Mama, huo ni mfupa wa fahali mzee, huwa umejaa. Wewe tumia tu.' Nikatumia. Kilikuwa kizuri mno. Nikakiweka kwenye ncha ya pembe ya kulia, mahali kamera inaangalia."

Na Ndulu yuko wapi? Wakio anatikisa kichwa. Simu yake haijapatikana tangu siku ile ya kizuizi.

"Labda ni fahali kweli," anasema. "Mimi si mtu wa maabara. Labda ni fahali." Anairudia kauli hiyo mara ya tatu, kisha anaondoa mkono ukutani na kuingia langoni.

Ndani, afisa wa zamu, ambaye ameomba atajwe kwa jina la Tom pekee, anamkaribisha kwa tabasamu. Barua imefika. Anaisoma kwa sauti, polepole, huku akifuata mistari kwa kalamu. Sampuli mbili, zote za ng'ombe. Mama yuko huru. Gunia lenye maleba linaburutwa kutoka chumba cha nyuma na kuwekwa miguuni pake.

"Pole kwa usumbufu," Tom anamwambia. "Hata sisi ulitubabaisha. Weka sahihi hapa, uchukue ndovu wako uende."

Wakio anaishika kalamu. Machozi yanamtoka, lakini kalamu haishuki kwenye karatasi. Mwandishi huyu anakiri kwamba moyoni alikuwa akimwomba asaini. Wakio alikuwa na haki yote ya kusaini. Barua ilikuwa na muhuri.

"Afande," anasema, "mlikata wapi?"

"Vipi?"

"Hivyo vipande vya kupima. Mlivitoa wapi?"

Tom anainamia gunia na kuonyesha alama mbili ndogo za msumeno, moja kwenye shina la kila pembe, upande mnene unaokaa begani.

"Hamkukata ncha."

"Ncha ina nini, mama?"

Wakio anaiweka kalamu mezani, anaketi bila kukaribishwa, na kueleza yote: gunia, uzito, vistari, Ndulu, simu isiyopatikana. Sauti yake iko chini kiasi kwamba mara mbili Tom anamwomba arudie. Anapomaliza, afisa huyo hatabasamu tena. Anatoka kumwita mkubwa wake.

Shughuli inachukua saa mbili na nusu. Taarifa inaandikwa, jina la Ndulu na namba yake ya simu zinachukuliwa, kisha ncha ya pembe ya kulia inakatwa mbele ya Wakio na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki. Anatazama msumeno ukifanya kazi. Baadaye atasema ulikuwa ukipita taratibu, vile vile kama siku ile.

Anaruhusiwa kurudi nyumbani kwa masharti yale yale. Jibu jipya litachukua wiki nne, huenda zaidi.

"Wengi wangechukua mzigo wao na kwenda," Tom anamwambia mwandishi pembeni. "Hilo nitaliandika kwenye ripoti. Lakini siwezi kumwahidi kitu. Ikitoka ni ya ndovu, mimi si hakimu."

Nje ya lango anakaa kwenye ukingo wa mtaro na kujifunika magoti kwa leso yake ingawa jua ni kali. Anaulizwa kwa nini hakusaini.

"Nthenya angevaa. Watoto wa Voi wangeketi hapo wampigie makofi shujaa anayelinda ndovu, na mimi nimeketi nyuma yao nikijua labda ndovu aliuawa ndio huyo shujaa apate bega zuri. Hapana. Nisingeweza kuitazama hiyo sinema. Nisingeweza kutazama kitu chochote."

Anasema hajawahi kuogopa kama anavyoogopa sasa, hata kule seli. Kule alikuwa na hakika kwamba hana kosa. Sasa hana hakika ya lolote.

Hata hivyo amepanga mambo yake. Cherehani itapandishwa Werugha kwa dadake wiki hii, isije ikakaa kibandani bila mwenyewe. Lois ataelezwa jioni ya leo, kwa simu, na mama mzazi wa Wakio ataelezwa ana kwa ana. Alipopigiwa simu, Kitheka alisema onyesho la mwisho la filamu litasubiri wiki hizo nne. Hataki tena kulipiga picha kwa suti ya dhahabu.

Jibu likitoka ni ng'ombe, Wakio atachonga ncha mpya kwa mti wa mparachichi kutoka shambani kwao. Anajua kamera itaona kwamba ni mti. "Acha ione," anasema. "Bora ngozi ni ya kuaminika. Watu watajua sisi tumecheza tu."

Na likitoka vingine?

Anainuka, anapangusa vumbi kwenye sketi yake, na kuuangalia uso wa mwandishi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Basi Lois atasoma gazetini kwamba mama yake amefungwa," anasema. "Ile ya barabarani, nilishikwa. Hii ya leo nimeingia kwa miguu yangu, mlango ukiwa wazi. Nataka mtoto wangu ajue hizo ni siku mbili tofauti. Hilo uliandike vizuri."